Kufungiwa, Usingizi na Ndoto za Wakati wa Korona

Kati ya Machi na Mei mwaka 2020, watu wa nchi zisizo na uhusiano wowote walianza kueleza jambo lilelile: ndoto zimekuwa nyingi, zimekuwa ndefu, na asubuhi hazitoki kichwani. Ufaransa ilikuwa imewafungia watu wake majumbani tangu tarehe 17 Machi. Watafiti wa kituo cha sayansi ya neva cha Lyon wakaona kwamba watu waliowahoji wanakumbuka ndoto kwa asilimia 35 zaidi ya kawaida yao, na kwamba ndoto mbaya zimeongezeka kwa asilimia 15. Baadaye uchunguzi wa kimataifa uliohusisha watu wazima 19,355, kuanzia Brazili hadi Japani na Norwe, ukaonyesha mwelekeo huohuo. Hakuna tena haja ya kubishana kama ndoto zilibadilika. Zilibadilika.

Ubishi uliobaki ni wa sababu. Jibu linalokuja mdomoni upesi ni hofu ya ugonjwa: watu waliogopa kufa, wakaota wanakufa. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi. Hofu ilikuwepo pia mahali ambapo watu hawakufungiwa, na kuna waliofungiwa wakalala vizuri kuliko walivyowahi kulala tangu utotoni. Ninavyoona mimi, mambo mawili yalifanya kazi kwa wakati mmoja: saa za kulala zilihama, na watu wakaondolewa karibu ya watu. La kwanza linaeleza wingi wa ndoto. La pili linaeleza ubaya wake, na ndilo lililozungumzwa kidogo zaidi.

Tuanze na wingi. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika kipindi hicho mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Ndicho kinachoitwa usingizi wa REM. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Cha kwanza ni cha dakika chache tu, na hutanguliwa na usingizi wa pono, ule mzito. Kadiri usiku unavyosonga, ule mzito hupungua na REM hurefuka, hadi alfajiri kipindi kimoja kinaweza kufika nusu saa au kupita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ndoto zetu imewekwa mwishoni mwa usiku, palepale ambapo kengele ya simu, adhana, jogoo na safari ya kazini hukata.

Karantini iliondoa kengele. Watafiti wa Colorado nchini Marekani waliofuatilia wanafunzi 139 wa chuo kikuu waliona kwamba siku za masomo walilala kwa karibu nusu saa zaidi, na saa zao za kulala na kuamka zilisogea mbele kwa dakika kama 50. Huko Basel nchini Uswisi, uchunguzi wa watu 435 wa Austria, Ujerumani na Uswisi ulionyesha pia kwamba pengo kati ya saa za mwili na saa za kazi lilipungua. Mtu aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, sasa akiamka saa mbili asubuhi, alipata kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi vile vipindi vya mwisho vya REM ambavyo daima vilikuwa vikikatwa. Bila kuwa na hofu yoyote, mtu huyo angeota zaidi.

Kuota ni jambo moja na kukumbuka ni jambo jingine. Ndoto isiyokatwa na kuamka kwa kawaida hupotea. Anayelala moja kwa moja hadi asubuhi anaweza kuapa kwamba haoti kabisa, na anayegutuka mara nne usiku atakuwa na visa vinne vya kusimulia. Hapo ndipo hofu inapoingia, kwa mlango wa pembeni. Watu wa uchunguzi wa Basel walilala muda mrefu zaidi, lakini walisema usingizi wenyewe ni mbovu kuliko zamani. Nchini Finland, katika wiki ya sita ya vizuizi, watu 4,275 walijibu maswali ya watafiti wa Helsinki: zaidi ya nusu walikuwa wakilala muda mrefu kuliko awali, na wakati huohuo zaidi ya robo waliripoti majinamizi mengi kuliko kawaida. Usingizi ulikuwa mrefu na wa mang'amung'amu. Urefu uliongeza ndoto, na kugutuka kukazihifadhi.

Sasa ndoto zenyewe. Nchini Brazili, kundi la wanasayansi akiwemo Sidarta Ribeiro lilichambua kwa kompyuta masimulizi 239 ya ndoto kutoka kwa watu 67, mengine ya kabla ya korona na mengine ya wakati wa kufungiwa. Ya wakati wa kufungiwa yalikuwa na maneno mengi zaidi ya hasira na huzuni, na yalijaa habari za uchafu, maambukizi na usafi. Nchini Marekani, Deirdre Barrett wa kitivo cha tiba cha Harvard alikusanya maelfu ya ndoto tangu Machi 2020. Humo mlikuwa na makundi ya wadudu wakimvamia muotaji, mawimbi makubwa ya bahari, na watu waliojikuta sokoni bila barakoa. Barrett hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Aliwahi kukusanya ndoto za Wakuwaiti baada ya uvamizi wa Iraki, na kuchambua daftari la ndoto za maofisa wa Kiingereza waliofungwa na Wajerumani katika kambi ya Laufen wakati wa Vita Kuu ya Pili, daftari lililoandikwa na mfungwa mwenzao.

Uchunguzi wa Finland, kwangu, ndio wenye mengi zaidi ya kutufunza. Watu 811 miongoni mwa waliojibu waliandika ndoto zao, na kompyuta ikapanga maneno yanayofuatana katika mafungu 33. Mafungu 20 yalikuwa ya ndoto mbaya, na zaidi ya nusu ya hayo mabaya yalihusu janga moja kwa moja. Mtu angetarajia humo kukuta hospitali, majeneza na mashine za kupumulia. Kilichojitokeza kwa nguvu ni mkono uliotolewa kusalimia kwa kusahau, kumbatio lililofanyika kwa makosa, watu waliosogea karibu mno, karamu iliyojaa wageni ambao hawakupaswa kuwepo. Kitu cha kutisha katika ndoto hizo alikuwa rafiki anayekuja na mikono miwili wazi.

Wataalamu wa ndoto wamegawanyika kuhusu kazi ya ndoto mbaya. Antti Revonsuo, naye wa Finland, alitoa mwaka 2000 hoja kwamba ndoto ni uwanja wa mazoezi: ubongo hutengeneza hatari usiku ili mtu awe tayari mchana. Wengine husema ndoto ni mwendelezo wa shughuli za mchana na wala haina kazi ya pekee. Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Maskati atakuwa amekutana na mgawanyo wa zamani zaidi. Mafundisho ya Kiislamu hutaja ndoto za aina tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya nafsi, yaani yale yaliyomshughulisha mtu akiwa macho. Wazo la mwendelezo limekaa ndani ya aina ya tatu kwa karne nyingi. Ndoto za kunawa mikono bila kumaliza ziliingia humo bila taabu, maana mchana kutwa ndilo neno lililokuwa kwenye redio, kwenye ukuta wa duka na mlangoni mwa benki.

Hata hivyo, nadharia zote hizo hazielezi vizuri kwa nini ndoto za karantini ziliwaacha watu wamechoka hivyo. Tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1989 liliongeza majinamizi pia. Wanafunzi wa vyuo vya eneo lile waliripoti mara mbili ya wenzao wa Arizona. Lakini tetemeko hupita, na siku ya pili majirani hutoka nje, hupikiana, hulala uwanjani pamoja. Korona ilikataza jambo hilohilo la kutoka na kukaa pamoja. Ndipo ninapoona umuhimu wa utafiti mmoja ambao haukuhusu korona hata kidogo, uliofanyika sehemu mbili za Afrika.

Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, na Wabayaka wa misitu ya Kongo, ni jamii za uwindaji na ukusanyaji. Watafiti wakiongozwa na David Samson wa Chuo Kikuu cha Toronto na Lampros Perogamvros wa Geneva walikusanya ndoto 896 za watu 234, za jamii hizo na za watu wa nchi za Magharibi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Ndoto za Wahadza na Wabayaka zilikuwa zimejaa hatari: mnyama mkali, kuanguka, kifo. Ukisoma mwanzo wake utasema ni majinamizi. Tofauti iko mwishoni. Mhadza mmoja aliota ametumbukia kisimani, na rafiki akamtoa. Ndoto nyingi zilikwenda hivyo: hatari inakuja, mtu anatokea, hatari inakwisha, na muotaji anaamka bila wasiwasi mkubwa. Za wagonjwa wa majinamizi na wenye hofu ya watu zilikuwa na hatari vilevile, ila hazikufikia mwisho wa namna hiyo.

Jamii hiyo ya Wahadza ilishachunguzwa kuhusu usingizi wenyewe. Watu wazima 33 wa kambi moja walivalishwa vifaa vya kupima kwa siku 20, na katika siku zote hizo muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Usiku mzima kuna mtu macho: mzee anayekaa motoni, mama anayenyonyesha, kijana ambaye usingizi wake haujaja. Hakuna aliyepanga zamu. Tofauti za umri na mwili zinatosha kuweka mlinzi. Mtu anayelala hivyo anajua, hata bila kuwaza, kwamba akipiga kelele kuna atakayesikia.

Nikirudi kwenye ndoto za Helsinki nikiwa na kisima cha Mhadza kichwani, naona kilichoharibika. Janga lilichukua mtu anayekuja kukutoa shimoni na kumfanya yeye ndiye shimo. Rafiki akisogea, ni hatari. Mkono ukinyooshwa, ni kosa. Umati ambao zamani ungekuwa harusi sasa ni maambukizi. Ndoto ikianza na hatari haikuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa msaada wenyewe ulikuwa umepigwa marufuku, na ndoto isiyo na mahali pa kwenda huishia kwa mtu kugutuka jasho likimtoka. Hii ni tafsiri yangu. Takwimu za Finland na za Eyasi zilikusanywa na watu tofauti kwa malengo tofauti, ila zikiwekwa pamoja zinasema kitu ambacho hofu ya kifo peke yake haisemi.

Hapa lazima niseme waziwazi kuhusu waliohesabiwa. Karibu tafiti zote za ndoto za korona zilifanywa kwa dodoso za mtandaoni, na waliojibu walikuwa watu wenye intaneti, wenye chumba chao na, mara nyingi, wenye mshahara ulioendelea kuingia. Kwa watu hao karantini ilikuwa muda wa ziada kitandani. Huku kwetu neno hilohilo lilimaanisha mambo mengi. Rwanda iliwafungia watu mapema, tarehe 21 Machi 2020. Uganda ilizifunga shule mwezi huohuo na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Tanzania ilifunga shule na vyuo kuanzia katikati ya Machi hadi Juni, lakini masoko, daladala na nyumba za ibada ziliendelea. Tangu mwisho wa Aprili serikali iliacha kutoa hesabu ya wagonjwa, na watu wakabaki na hofu isiyo na namba.

Kenya ilichagua usiku. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwa saa zilizobadilikabadilika ilidumu hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Jioni ya kwanza, pale kivuko cha Likoni mjini Mombasa, abiria waliokuwa wakiwahi kuvuka kabla ya saa moja walikutana na marungu na mabomu ya machozi. Siku tatu baadaye, mtaani Kiamaiko jijini Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa amesimama roshanini kwao alipigwa risasi wakati polisi wakilazimisha watu waingie ndani, akafa. Anayeishi chumba kimoja na watu sita, ambaye kibarua chake cha kutwa kimekatika na ambaye nje ya mlango kuna buti, hakupewa usingizi wa ziada na karantini. Aliongezewa giza la kuwaza kodi. Nikimfikiria yeye, ndoto za karamu iliyojaa wageni zinaonekana kuwa taabu ya mtu mwenye nafasi. Taabu yenyewe ni ya kweli, ila asitokee mtu akadai kwamba hiyo ndiyo ndoto ya dunia nzima.

Ramadhani ya mwaka ule iliongeza jambo lake. Iliingia mwishoni mwa Aprili, misikiti ya Kenya imefungwa, tarawehe zinasaliwa sebuleni. Kuamka kula daku hukata usiku katika theluthi yake ya mwisho, ndani ya eneo la REM, na kwa hiyo anayefunga anaweza kukumbuka ndoto zaidi kuliko anavyozikumbuka miezi mingine. Mwaka wa kawaida, ndoto hizo hukutana na watu: futari kwa majirani, safu za tarawehe, baraza baada ya sala. Mwaka ule zilibaki ndani ya nyumba.

Je, vizuizi vilipoondoka? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sapienza mjini Roma walikuwa na bahati ya kuwafuata watu walewale 90 katika wiki ya mwisho ya kufungiwa na wiki ya kwanza ya kufunguliwa, kati ya mwisho wa Aprili na Mei 2020, kila mmoja akiandika kila asubuhi. Milango ilipofunguliwa walipata usingizi kwa urahisi zaidi, waligutuka mara chache, na wakakumbuka ndoto chache. Katika ndoto walizokumbuka, waliota mara nyingi zaidi wako mahali penye watu wengi. Wiki moja ilitosha kuanza kuigeuza hali. Kasi hiyo inanishawishi kwamba kwa walio wengi ndoto za karantini hazikuwa ugonjwa. Zilikuwa mwili uliokosa ratiba na moyo uliokosa watu, na vilipoanza kurudi, usingizi ukafuata.

Wapo ambao hawakurudi upesi. Tafiti zilizowalinganisha walioambukizwa na wasioambukizwa zilionyesha kwamba walioambukizwa walibaki na majinamizi mengi zaidi, hasa waliougua sana. Wapo wauguzi na madaktari, na wapo waliozika watu wao bila matanga. Kwa majinamizi yanayojirudia kuna tiba isiyohitaji dawa, na inastahili kujulikana zaidi: mgonjwa huandika ndoto yake akiwa macho, huibadilisha apendavyo, kisha hujizoeza ile mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Barry Krakow na wenzake walionyesha mwaka 2001, katika jarida la JAMA, kwamba njia hiyo ilipunguza majinamizi ya wanawake waliowahi kubakwa na kudhulumiwa. Wanachofanya wagonjwa hao kwa kalamu ndicho ndoto za Wahadza hufanya zenyewe, yaani kuipa hatari mwisho. Pwani kuna mafundisho yanayoelekea kuipinga: aliyeota vibaya ajikinge kwa Mungu, atemee kushotoni mara tatu, ageuke ubavu, wala asimsimulie mtu. Sioni ugomvi mkubwa. Anayegeuka ubavu na kuomba kinga naye anakataa kuiacha ndoto ikomee pale ilipomwamshia, na anayeiandika upya mbele ya tabibu hatangazi ndoto yake sokoni.

Kitu kilichopotea kabisa baada ya kufunguliwa, na ambacho kwangu ni hasara ya wazi, ni ule usingizi wa asubuhi wa vijana. Huko Zurich, wanafunzi wa sekondari wakati shule zimefungwa walilala dakika 75 zaidi kila siku ya masomo kuliko wenzao waliohojiwa kabla ya janga, na wakapunguza kahawa na vinywaji vya kuchangamsha. Walioelemewa na huzuni walikuwepo, na huzuni hiyo ilipunguza faida, lakini usingizi wenyewe uliwafaa. Mwili wa kijana wa miaka 15 huchelewa kusinzia usiku. Huo si uvivu, ni saa ya ndani ya mwili inayosogea mbele katika umri wa kubalehe. Ukimwamsha saa kumi alfajiri unamnyima REM kuliko unavyomnyima usingizi mwingine wowote, na inadhaniwa kwamba ubongo hutumia REM kuyapunguza makali ya mambo yaliyomuumiza mtu mchana.

Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yawe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Sheria ipo tayari, wala haihitaji janga jingine ili ifuatwe. Shule inayomtaka mtoto awe darasani saa kumi na mbili na nusu kwa masomo ya ziada inakiuka kanuni hiyo, na mzazi ana haki ya kuiuliza imepata wapi ruhusa.